Darubini kwa Macho ya Baba

Jumamosi, 22 Februari
Daktari wa macho amesema wazi: jicho la kushoto la Baba linaona ukungu tu, la kulia nalo liko njiani. Baba akamshukuru kama kapewa zawadi! Tukirudi akauliza kama darubini ni ghali. Enzi zake za upimaji ardhi, kambini, aliwahi kuelekeza chombo cha kupimia kwenye sayari ya Mshtarii, akaona vimwezi vyake vinne vimejipanga kama vifungo vya shati. Anataka kuangalia juu tena, basi. Nikajifanya natafuta funguo.

Jumatatu, 24 Februari
Nimeiona dukani. Ndefu, nyeupe, boksi linasema inakuza mara mia sita! Bei — akiba yangu yote ya cherehani mpya. Stendi inatetemeka ukiigusa. Nimeipenda hivyo hivyo.

Jumanne, 25 Februari
Nimepita kwa fundi kamera. Kacheka mpaka kakohoa. Mara mia sita ni maneno ya boksi, kasema; picha inakuwa uji. Anayetaka kupiga picha za angani anunue stendi kwanza, nzito, yenye mota ya kufuata nyota. Bomba la darubini hata likiwa dogo, si neno. Kisha akauliza ni ya nani. Nikamweleza. Akatikisa kichwa.
"Jicho la namna hiyo litahangaika kwenye kile kitundu cha kuchungulia. Mpigie picha za mwezi, umwekee kwenye TV."
Mbona sikufikiria!

Ijumaa, 28 Februari
Baba hataki! Eti cherehani ndiyo inatulisha, picha za mwezi hazishoni sare za shule. Tumegombana kwa sauti ya chini, huku kila mmoja akimmiminia mwenzake chai. Mwishowe akauliza, kama hajali vile: hiyo stendi ina uzito gani?
Nimeshinda.

Jumapili, 2 Machi
Nimechukua ya mtumba. Bomba fupi, lenzi upana wa mdomo wa glasi, stendi imenivunja mgongo ngazini. Kamera kaniazima fundi. Cherehani yangu kuukuu nimeitia mafuta, itanivumilia. Baba kaweka pimamaji juu ya stendi kupima usawa, kasogeza mguu mmoja kidogo tu. "Sasa imesimama, mama." Mikono yake haikupapasa hata mara moja.

Alhamisi, 6 Machi
Mwezi nusu, jua ndiyo kwanza linazama. Picha ishirini! Kumi na tisa ukungu. Moja — jamani! Mashimo, milima, vivuli vyake.
Nimeiweka kwenye TV. Baba kasogea mpaka pua inakaribia kioo. Anasoma kwa sauti: hapa ukingo, hapa mteremko, hapa usijenge nyumba. Nacheka peke yangu, naandika hapa hapa mezani nisisahau.
Sasa amefunika jicho la kulia kwa kiganja. Anaangalia kwa lile la kushoto tu. Nimemwita — kanionyesha mkono, ngoja. Kidole kinatembea juu ya kioo, polepole, kinazunguka shimo kubwa. Sijui kinaona au kinakumbuka. Sithubutu kuuliza. Kinazunguka tena —