Kizidishi na Askari wa Tatu Mstarini

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, na mtaa wetu wa Nateete wote ni tope. Sukari hakuna, nimekunywa chai chungu nikajifanya ndivyo ninavyoipenda. Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe iko wapi? Ni uchovu wa kukaza mabega kila gari likisimama nje ya mlango.

Acha niandike, labda nitapumua.

Bosi wangu Mhindi, kabla hajafukuzwa nchini pamoja na wenziwe, aliniachia studio hii, kamera moja na lenzi ya kuvuta. Lenzi yenyewe imeota kuvu pembeni. Inavuta, ndiyo, lakini mtu akisimama upande wa pili wa uwanja wa mpira unampata mdogo kama kidole. Lenzi ndefu za kweli, zile za watu wa magazeti, sisi wengine tunazisikia tu. Ndipo dereva mmoja wa lori akaniletea kizidishi kutoka Nairobi, kakificha ndani ya soksi. Ni pete fupi yenye vioo. Unaichomeka kati ya kamera na lenzi, na kilicho mbali kinasogea mara mbili. Maskini akipata, tena! Nilikionyesha mtaa mzima.

Bosi aliwahi kunitajia kitu hiki, ila hakuniambia kwamba kinakula mwanga. Ukiugawa mwanga mafungu manne, matatu yanapotelea humo ndani. Ukichungulia unaona giza, hujui umelenga macho au masikio. Ukifyatua polepole ili filamu ishibe, mkono ukicheza kidogo tu umepata uji badala ya picha. Na kuvu ile ya lenzi nayo inazidishwa, haikosi. Kinataka jua kali na kitu kigumu cha kuegemea. Jumapili iliyopita sikuwa na jua, na nilichoegemea kilikuwa bega la mtu.

Bega la Mama Akello.

Ni mke wa koplo, anakaa kwenye nyumba za askari. Wake wa askari wana desturi yao: likija gwaride kubwa wanamleta mpiga picha, mume apigwe akiwa mstarini, picha itundikwe ukutani ili majirani wakorofi wajue nyumba ina mwenyewe. Nimepiga hizo mpaka nimezichoka. Ila mumewe, Baba Akello, hii ni wiki ya tano hajaonekana nyumbani. Kambini wanasema yuko safari ya kazi. Watu wa kwao, wa kaskazini, wanapungua pale kambini mmoja mmoja, na sisi wote tumejifunza kutouliza wanakwenda wapi.

Alikuja hapa akasema, "Fundi, kama iko mzima, itakuwa kwa gwaride. Tafuta yeye na ile mdomo mrefu ya kamera."

Ningekataa. Nilitaka kukataa. Nikajisikia nasema sawa, mama.

Ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera niliiacha nyumbani. Mara ya mwisho askari aliikagua akauliza inabeba bunduki gani, na hakuwa anatania. Uwanjani tulizuiwa nyuma ya kamba, mbali kweli, na mawingu yameshuka. Kikosi chake kilipopanga mstari nikailaza lenzi begani kwa Mama Akello, nikamwacha achungulie yeye kwanza. Alichungulia kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, akarudia. Kisha akasema, "Huyu. Ya tatu. Piga."

Nikapiga tatu. Bega lilikuwa linatetemeka. Nikamgombeza azuie pumzi, akazuia, likatetemeka vilevile.

Halafu nikafanya alichonifundisha bosi wangu. Kila ukitumia kizidishi, alikuwa akisema, mwishoni kivue upige moja bila hicho. Itakuwa ndogo, lakini haitakudanganya. Nikakivua, nikapiga moja, nikafunga mkoba, maana askari wawili walishaanza kututazama sana.

Jumatatu nikaziosha. Zile tatu zilikuwa uji, kama nilivyoogopa. Uso mkubwa, kofia, kivuli. Ungeweza kumwita jina lolote. Ile ya nne nikaiweka kwenye mashine ya kukuzia, nikaipandisha kichwa mpaka kikakaribia dari. Ikatoka na chengachenga kama mchanga, ila kali. Yule wa tatu ana chale, mistari mitatu kila shavu. Baba Akello hana chale. Mimi mwenyewe nilimpiga picha siku ya ubatizo wa Akello, nikamsafisha uso pichani kwa brashi, mashavu yale nayajua.

Hakuwa yeye.

Sasa niseme ukweli hapa, maana nje siwezi. Nilimpa picha ya uji. Ile kali niliichana. Niliiambia nafsi yangu kwamba ni huruma, mwache mama wa watu apate usingizi. Mwongo mkubwa mimi! Ilikuwa woga. Nilijua akiziona zile chale atakwenda getini kuuliza mumewe yuko wapi, na getini wangemuuliza ni nani kampa picha. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Leo akarudi. Mvua yote hii, kajifunika gunia kichwani, picha ameifunga ndani ya nailoni. Akaiweka mezani.

"Fundi, hii si yeye."

Nikaanza kujieleza, maneno yakinigongana mdomoni. Akainua kiganja ninyamaze. Kumbe alijua tangu kule uwanjani. Alichungulia mstari mzima mara mbili, mumewe hayumo, akachagua wa tatu kwa sababu urefu unakaribiana. Ndiyo maana bega lilitetemeka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamgombeza azuie pumzi.

Hakulia. Alisema mama mkwe wake kule kijijini ametuma watu mara mbili kuuliza habari za mwanawe, na kikongwe yule moyo wake ni mgonjwa. "Nipe ingine ya kutuma kwake, kubwa kushinda hii. Lakini usisafishe. Iache hivi hivi."

Nikaingia chumba cha giza, yeye akangoja kwenye benchi. Miaka yangu yote katika kazi hii nimekagua picha nione kama uso umetoka vizuri. Leo niliinamia karai la dawa nikikagua kama uso haujatoka, kama chale zimejificha. Zilijificha. Kizidishi kimefanya kazi.

Ilipokauka akaigeuza, akanipa kalamu. Yeye hajui kuandika, na kule kijijini katekista wa kanisa ndiye atakayemsomea bibi. Nikaandika alivyosema: Mama, mimi mzima, kazi ni nyingi, nitakuja. Akaniomba niweke jina chini. Nikaliweka jina la Baba Akello kwa mwandiko wangu, mgongoni mwa mtu ambaye naye bila shaka ana mama.

Akanishukuru tena kwa mikono miwili. Safari hii nilishindwa kumtazama.

Kuna mtu anasafiri kesho asubuhi kwenda kaskazini, ataichukua. Nimelala chali kitandani mchana huu na siwezi kufumba macho. Bibi ataipata, atafurahi, atamwita katekista amwandikie mwanawe majibu. Mama Akello ataniletea hayo majibu hapa, na kalamu.

Nitamwandikia nini?