Tumempikia Wali Aliyekuja Kuufuta Uji

Alhamisi, jioni. Upepo wa kiangazi umevuma tangu asubuhi, na vumbi limeingia hadi kwenye kopo la chumvi. Nimeoga, lakini bado nahisi mchanga kwenye meno.

Nina hasira. Nalisema mapema ili asiyependa kusoma hasira za mwalimu afunge ukurasa sasa hivi, tusilaumiane.

Nafundisha darasa la awali katika shule iliyo nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa barabara ya kwenda Ulyankulu. Watoto wangu ni wadogo, bado wanajifunza kushika penseli, na ndala moja ikipotea kilio chake kinasikika hadi ofisini. Kila siku saa nne wanakunywa uji. Unga unaletwa na halmashauri kupitia mpango wa kusaidia familia za kipato cha chini, kina mama wanapika kwa zamu, na mama yangu mzazi ndiye mkubwa wao pale jikoni. Kwa wengi wa watoto hawa, uji huo ndio kitu cha kwanza kuingia tumboni tangu michembe ya jana mchana. Michembe ni mizuri, nimekulia hiyo, lakini viazi vikavu peke yake havimkuzi mtoto.

Muhula uliopita unga ulichelewa. Darasa likapungua, na waliobaki wakawa wanalala juu ya madawati kabla hata kengele ya mapumziko haijagongwa. Doto, pacha mdogo wa Kulwa, alianguka mstarini asubuhi. Nilimbeba mwenyewe hadi kivulini. Alikuwa mwepesi, na wepesi ule bado ninao mikononi.

Sasa tumeambiwa kwamba katika bajeti mpya fungu la uji litaondolewa. Kubana matumizi, wanasema. Sikusoma uchumi, lakini naomba anayeujua anieleze kwa nini mkanda wa serikali ukibanwa, tumbo linaloumia kwanza ni la mtoto ambaye hata kamba za viatu hajajua kufunga.

Kulikuwa na tumaini moja. Kabla ya kuamua, halmashauri ilisema itamtuma afisa aje ajionee kwa macho yake kama familia hizi bado zinahitaji msaada. Taarifa ilitangazwa kanisani na msikitini: mgeni anakuja Alhamisi kuwaangalia watoto.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Jumapili kina mama walikutana kwenye jiko la uji, nami nilikuwepo. Nikawaomba jambo moja tu, tusibadilishe chochote. Watoto waje na nguo zao za kila siku, uji upikwe kama kawaida, na mgeni akiuliza wanakula nini nyumbani, aambiwe. Walinitazama kana kwamba nimewaomba watembee uchi sokoni. Mama yangu ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote.

"Mgeni aje kwangu nimwonyeshe sufuria tupu? Kwani mimi nimelelewa wapi?"

Mtu wa huku ataelewa. Njia ya zamani ya misafara inapita nyuma ya shule yetu, na ukoo wa mama umekaa kando yake tangu enzi za wapagazi. Amekua akisimuliwa jinsi bibi yake alivyokuwa akiwapa wapita njia maji na chakula kabla hajawauliza majina. Kwake, mgeni anakuta nyumba imefagiliwa na chakula kipo, na shida za nyumba zinabaki uvunguni. Tena ana imani nyingine, na wenzake wote wanayo: mtu aliyekula kwako hawezi kukutupa. Akishamega mkate wako amekuwa ndugu. Kwa hiyo walipanga kumlisha mgeni ili awe ndugu, na akiwa ndugu asiufute uji.

Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Mama akaniambia kusoma kwangu kumenifanya nisahau adabu, na kikao kikaisha.

Basi leo amekuja.

Sijui nianzie wapi. Uwanja umefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Kina mama wamevaa vitenge vya harusi na sare za kwaya. Watoto wangu wamepakwa mafuta wakang'aa, wamevishwa viatu vya binamu na vya majirani, wengine vikubwa kiasi kwamba walikuwa wakitembea kwa kuburuza miguu. Sahani za udongo zenye maua zilikuwa zimeazimwa kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka mtaa wa Mtendeni, mjini, ambaye mama amemfulia nguo miaka mingi. Na kulikuwa na wali, mboga ya nsansa iliyoungwa kwa karanga, na kuku.

Kuku yule nilimjua. Manyoya yake nilikuwa nimeyaona asubuhi kwenye shimo la taka, meusi, na kishungi chake bado kipo. Alikuwa mtetea wa Mama Kulwa. Mama Kulwa aliachwa na mumewe aliyekwenda kwenye mashamba ya tumbaku na hakurudi, na kwa ajili ya mapacha wake alikuwa na mtetea huyo mmoja. Akitaga, Kulwa na Doto wanagawana yai.

Mgeni ni kijana mpole, hilo siwezi kumnyima. Amewaamkia kina mama shikamoo mmoja mmoja, amepokewa kwa marahaba na salamu nyingi za mwangaluka, akaketishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Kabla hajanawa mikono, ameuliza swali lenyewe, tena kwa sauti ya upole kabisa: nyumbani watoto wanakula nini?

Kina mama wakatazamana.

Nilimtazama Mama Kulwa, naye akatazama chini. Nikamtazama mama.

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu," mama akasema. "Hatulali njaa. Karibu chakula."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshalitamka neno "Afisa" nikaona jinsi kina mama walivyonigeukia. Hawakuwa na hasira. Walikuwa wananisihi. Nikisema kwamba viatu hivi ni vya kuazima, kwamba sahani hizi si zetu na kuku huyu alikuwa ndiye protini ya mapacha wale pale, nawavua nguo watu wazima mbele ya kijana, na mbele ya watoto wao. Mama akakohoa kidogo, akamwongezea mgeni mchuzi.

Nikanyamaza. Nimefundisha watoto wengi kusema ukweli, na leo nilipotakiwa kuusema mimi nikajikaza kisabuni na kupitisha maji ya kunawa.

Amekula. Amesifu kuku. Watoto wameimba, ametabasamu, na walipomaliza akaniita pembeni, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nimefarijika sana. Kwa tulivyokuwa tumeambiwa, nilitegemea kukuta hali mbaya."

Nikamwambia kwamba alichokiona leo si cha kila siku. Akacheka kwa adabu, akasema wazazi wengi huwa na unyenyekevu huo huo. Nikamwomba apite nyumba moja tu, yoyote anayotaka, aangalie jikoni. Akasema muda hauruhusu, taarifa yake inasomwa kwenye kikao Jumatatu. Wakati huo mama alikuwa anampakilia dereva chupa ya asali, kwa sababu kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Gari likaondoka, kina mama wakipunga mikono. Walikuwa na furaha kweli. Mmoja akaniambia, umeona alivyokula, huyo hawezi kutuangusha.

Mkuu wangu wa shule hakuwa na furaha wala huzuni. Alinipita tu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimesikika nikibishana na mgeni, na kwamba mtumishi wa serikali akionekana anakusanya wazazi kupinga bajeti, atajieleza mwenyewe.

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anaosha zile sahani, Mama Kulwa anazikausha. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Lakini Mama Kulwa alianza kabla yangu, akaniuliza kama mgeni amesema watoto wake wataendelea kupata uji.

Ningeweza kumdanganya, akalala vizuri leo. Nilimweleza neno kwa neno. Kwamba ameona watoto wanang'aa na chakula kimejaa, kwa hiyo ataandika hatuna shida.

Akaweka sahani chini taratibu. Ni ya watu, hakutaka ivunjike.

"Nilimchinja ili wasinyimwe uji, Mwalimu," akasema. "Asubuhi hii walikuwa wanamwita uwani."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikiwa nimeegemea mlango wenye masizi. Mama aliendelea kuosha sahani moja ambayo tayari ilikuwa safi, anaizungusha na kuizungusha, na nikajua kwamba amesikia.

Sasa niko nyumbani, jua linazama, na nitaandika lile ambalo sikulisema mbele ya mgeni. Halmashauri inayotaka kujua kama watu ni maskini haiwezi kutoa taarifa, ikaja na gari, ikakaa kwenye kiti cha heshima na kuuliza mbele ya kadamnasi. Mtu wa hapa atakuficha njaa yake hata ikimuua. Hiyo ni heshima yake, na ndicho kitu pekee ambacho hakuna bajeti iliyowahi kukikata. Kuitumia heshima hiyo kama ushahidi wa kumnyang'anya mtoto uji ni ukatili, hata kama aliyefanya hivyo ni mpole na ameamkia vizuri. Uji ule usiondolewe. Nalisema hapa kwa jina langu la blogu na kesho nitalisema kwa jina langu la kuzaliwa.

Kwa sababu tunakwenda. Sikulipanga mimi. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama ameshapita kwa kina mama wote, nyumba kwa nyumba. Amewaambia sahani lazima zirudi Mtendeni kesho, na kutoka Mtendeni hadi ofisi za halmashauri si mbali. Waje na watoto, na nguo za kila siku. Wasipakwe mafuta. Wasiazimiwe viatu.

Naogopa. Naogopa mkuu wangu, naogopa kuhamishiwa mbali na mama yangu, na zaidi ya yote naogopa kwamba tutafika pale, tutaulizwa tena lile swali, na sote tutatazama chini kama leo.

Mama amekunja kitenge chake cha harusi akakirudisha sandukuni. Karibu na mlango ameweka sufuria ya uji wa shule, ile kubwa iliyoungua chini, na kata yake juu. Anasema wataibeba kwa kupokezana, haina kitu ndani kwa hiyo si nzito. Nimemuuliza kama ana hakika, maana ni yeye aliyesema Jumapili kwamba mgeni haonyeshwi sufuria tupu.

Amenijibu bila kugeuka, huku anafunga khanga yake ya jikoni.

"Kesho mgeni ni mimi."