Kisima Kinatosha Wangapi

Kotile, 21 Januari 2025

Abti mpendwa,

Assalamu alaikum. Mimi mzima. Mama Hani hajambo? Na goti lako je, mjomba wangu?

Naandika nikiwa na hasira. Leo niliuliza Gredi ya Tano hivi: baba yako ana ngamia arobaini na wanane, akiuza sita, watabaki wangapi? Watoto arobaini na mmoja, wote kimya. Hata Shamis, aliye mwepesi kuliko wote, aliinamia daftari. Kitabu cha hesabu tunacho kimoja, nacho hakinisaidii. Nimeomba uhamisho nirudi Garissa. Jibu likichelewa, nifanye nini na watoto hawa? Niandikie kwa Kiswahili, nipate kuwasomea.

Mpwa wako,
Ruweyda

Garissa, 6 Februari 2025

Ruweyda mwanangu,

Wa alaikum salaam. Sote wazima, alhamdulillahi. Goti linapiga kelele kumshinda Mama Hani, lakini hilo usiwasomee watoto.

Nimecheka sana. Kweli wewe ni wa mjini. Nani atataja idadi ya ngamia wa babake mbele ya watu? Wanaogopa jicho baya. Achana na ngamia, waulize habari za maji. Wasomee hili: zamani kule Wajir, wawili tulichota kisimani, tukanywesha kundi letu kwa saa sita. Tungekuwa kumi na wawili, tungemaliza kwa saa ngapi?

Abti wako,
Kadar

Garissa, 12 Mei 2025

Ruweyda mwanangu,

Salaam nyingi. U mzima kweli? Miezi mitatu hakuna barua. Nimesikia uhamisho wako umekubaliwa. Mama Hani ameshafagia chumba na kununua godoro jipya. Mbona hutuambii unakuja lini?

Abti wako,
Kadar

Kotile, 20 Mei 2025

Abti mpendwa,

Wa alaikum salaam. Ni mzima, na naomba radhi kwa kimya changu.

Niliwasomea swali lako, kisha nikaandika ubaoni "saa moja", kama kitabu kinavyotaka. Shamis akanyoosha mkono. "Mwalimu, kisima kinatosha wangapi?" Nikasema wawili. "Basi hao kumi watakunywa chai." Wakabishana kipindi kizima. Wengine walisema saa sita zile zile, wengine tano, maana watu wakipokezana hawachoki. Tulitoka nje na kamba na jerikeni tukapima. Tangu siku hiyo hawanyamazi, wanapima hata mwendo wa kwenda mtoni.

Barua ya uhamisho ilipofika, niliwaambia. Kesho yake nikakuta ubaoni mwandiko wa Shamis:

"Garissa kuna walimu wa hesabu wengi. Shule yetu ina mmoja. Huyo mmoja akihama, Garissa itapata nini, na sisi tutabaki na nini? Eleza sababu."

Nililia, Abti, mbele yao. Barua nimeirudisha ofisini. Mama Hani anisamehe, godoro alilalie mwenyewe.

Chini ya swali niliandika: "Mwalimu haendi popote." Wamenisahihisha na kunipa nusu ya alama. Wanasema sikueleza sababu.

Mpwa wako,
Ruweyda