Punje Zinapungua Mguuni Mwangu

Mpendwa mshauri,

Tarehe tisa mwezi wa tatu nilipoteza sentimita nne za mfupa wa muundi, mguu wa kulia. Geti nililokuwa nachomelea liliniangukia, vijidudu vikaingia hadi ndani ya mfupa, daktari akakata pote palipokufa na lile pengo akalijaza punje za mfupa bandia zilizochanganywa na antibayotiki, akasema dawa itatoka palepale taratibu, wiki kadhaa. Mimi ni mtu wa vipimo, karakana yangu nimeijenga kwa futi na mikono hii, kwa hiyo nikahesabu kwenye eksirei: punje ishirini na nne. Wiki ya sita nikahesabu tena, kumi na moja. Kumi na tatu zimekwenda wapi? Nilipouliza, muuguzi akanijibu, "Mzee, umekuja kutibiwa au kukagua stoo?" Yeye na wenzake wakacheka. Sasa ni siku ya tisa kidonda kinatoa maji meupe kama maziwa, bandeji tatu kwa siku, na naogopa wakiyaona watasema mguu ukatwe, basi siku ya kliniki nilibadilisha bandeji nje, getini pa hospitali, nikaingia mkavu. Mke wangu kanifuma: "Baba watoto, ukimdanganya daktari, atakayekutibu nani, mimi?" Usingizi sina. Niseme au ninyamaze?

Fundi Mageti

Fundi,

Pole, kaka. Hofu ya kukatwa mguu si mchezo, na walikosea kukucheka. Lakini kwa hiyo bandeji ya getini nakugombeza. Daktari wa mifupa niliyemuuliza anasema punje za aina hiyo hutengenezwa ziyeyuke, ndivyo zinavyoachia dawa. Hakuna aliyekuibia. Maji meupe yanaweza kutokana na kuyeyuka huko, au yakawa usaha, na mimi na wewe hatuwezi kujua kwa kuyatazama. Mteja akikupa vipimo vya uongo vya mlango, utamtengenezea nini? Ndicho ulichomfanyia daktari wako.

Usisubiri kliniki ijayo. Leo hii unaposoma, nenda hospitali na bandeji ileile, usiiguse, mtajie daktari siku ngapi na bandeji ngapi. Ukiwa na homa au harufu, ndiyo kabisa. Mkeo aingie nawe chumbani, maana wewe peke yako sikuamini. Usiinuke kitini kabla hujaambiwa kama ni usaha, na kama mfupa unaota.

Halafu nipigie hapa gazetini kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Sitaki hadithi. Umemwonyesha, au hujamwonyesha?