Kiti cha Abiria kwenye Baraza la Mabasi

Mjukuu wangu Neema,

Nyumbani Bwiza tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama abiria ana la kusema mbele ya baraza linalopanga njia za mabasi. Nilipokuwa kijana, baraza letu lilitaka kufuta basi lililompeleka mama hospitalini. Tulikwenda kwenye kikao chao Kigobe. Mama akaona kiti kitupu mezani.

“Cha nani?”

“Cha mwakilishi wa abiria. Hajateuliwa.”

Mama akakaa.

“Mama, ondoka!”

“Apana. Mwenyewe akifika, nitamupisha.”

Walicheka, lakini wakamsikiliza. Safari zilipunguzwa, basi likabaki. Kikao kilichofuata hawakuanza mpaka mama alipofika.

Babu yako anayekukumbuka