Kiti Kisicho na Maneno

Jumatatu, 3 Machi

Kijana wangu ametoka chumbani! Wiki tatu kajifungia, sahani zinarudi na chakula chake. Daktari alishatuambia: usonji kazaliwa nao, ila hii ya sasa ni sonona, na dawa peke yake haitoshi, anahitaji watu. Watu! Si ndio hao wa shuleni waliomcheka mpaka akaacha kujibu hata salamu? Basi nimemleta hapa saluni kwangu, afagie nywele tu. Miaka kumi na saba, na kashanipita urefu. Kwa furaha nimemkwaruza mteja shingo. Kidogo lakini.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu wa hesabu kaja kunyolewa. Namsimulia mechi, yeye kafumba macho. Mwishowe akauliza, kwa adabu zote, kama kijana anajua kunyoa. Anajua, nimemfundisha mwenyewe. Nikampa mashine. Nusu saa nzima hakuna aliyefungua kinywa! Mwalimu akaondoka anatabasamu, eti hajapumzika hivi tangu aoe.

Jumamosi, 8 Machi

Makubwa! Watu watano foleni kwenye kiti cha kijana. Changu kitupu. Nawaita, wanasema hawana haraka. Hata fundi viatu wa jirani, rafiki yangu wa kufa na kuzikana! Eti amechoka kunyolewa nywele na masikio kwa pamoja. Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Msaliti huyo. Lakini jioni kijana alimaliza sahani, akaomba nyingine. Nilikwenda uani kufuta macho.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuja. Kajifunika shuka gubigubi. Wateja wamemuulizia. Nimenyoa ovyo siku nzima.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, nusu bado! Asubuhi kaja mwenyewe, akaniambia nikae kwenye kiti chake. Akaanza kuninyoa. Nikajiuma ulimi nisiongee — kazi hiyo! Mara akasema, mashine ikiwa kisogoni, kwamba jana aliona heri asingezaliwa. Na kwamba hajawahi kuniambia kwa sababu akiwa bado anatafuta neno, mimi nimeshajibu.

Mungu wangu. Nilikuwa na maneno mia ya kumwambia. Nikayameza yote, yanachoma.

Umeme ukakatika. Akaniambia nisiondoke, hajamaliza kusema, akaenda kumuuliza fundi viatu kama umekatika kwetu tu. Kaenda mwenyewe! Namwona pale mlangoni kwake, wanaongea. Fundi viatu ananichungulia, anakufa kwa kicheko. Acheke.

Haya, anarudi. Sisemi kitu.