Nimekata hema la babu nipate begi

Jumapili, Mpanda. Mvua ilianza tukiwa tunatoka kanisani na mpaka sasa jioni haijakata. Chai nimeipasha moto mara mbili na bado imepoa mbele yangu. Sijatulia hata kidogo.

Jumatano tunatakiwa kupanda ndege kwenda Dar, mimi na mama, kwa ajili ya dripu yake ya tatu. Leo mchana, hata gauni la kanisani hajavua, mama kaniambia haendi.

Sababu ni begi.

Kwa mgeni kwenye blogu hii: mama yangu ana kansa ya titi. Mwaka jana walimfanyia upasuaji, sasa yuko kwenye dripu za dawa kali, kila baada ya wiki tatu, na hospitali iko Dar. Daktari wake ni kijana mpole, lakini kwenye jambo moja hakuwa mpole kabisa. Alituambia tusiruke dripu hata moja. Alilisema hilo akinitazama mimi, sio mama, kama vile alijua uzembe ukitokea utatokea kwangu.

Safari mbili zilizopita tulikwenda kwa basi. Kwa ile ya pili nilinunua begi la magurudumu hapa mjini, la zambarau, linang'aa, muuzaji akaniapia kuwa ni orijino. Gurudumu moja lilibaki kwenye tope kabla hata hatujafika stendi. Kufika Tabora, utingo akalivuta ili atoe mzigo wa abiria mwingine, zipu yote ikaachia. Vitu vya mama vikamwagika chini mbele za watu. Kanga zake, bahasha kubwa ya picha za hospitali, na sidiria aliyoijazia vitambaa upande mmoja. Mama alipiga magoti akaanza kuokota, na sidiria ndiyo aliyoiokota kwanza.

Nikikumbuka ile stendi bado nasikia aibu mwilini, na haikuwa hata sidiria yangu.

Baada ya hapo kaka zangu wakakubaliana kwenye grupu la familia kuwa mama asipande tena basi. Ndege basi. Na mimi nikajiapiza kuwa kila kitu cha mama kitakaa kwenye begi moja la kuingia nalo ndani, lisitoke mikononi mwetu, na liwe begi la maana. Safari za namna hii bado ziko nyingi. Naomba Mungu ziwe nyingi.

Sasa niwaambie ukweli kuhusu mimi. Mimi nikiogopa kitu, sikiogopi uso kwa uso. Naogopa pembeni. Mtu mwingine angesoma kuhusu kansa, mimi nimesoma kuhusu mabegi. Waulizeni walimu wenzangu: nimewachosha ofisini na habari za nyuzi, mishono na uzito wa kitambaa. Halafu mimi ndiye mlezi wa klabu ya mazingira pale shuleni. Kila wiki nasimama mbele ya watoto nahubiri tusinunue vitu vya kutupa, wakati lile begi la zambarau liko nyuma ya nyumba yangu, kuku anatagia humo. Haliozi wala halifi. Nikienda kuokota mayai linanitazama.

Mtandaoni nilikuta begi zuri mno, limetengenezwa kwa chupa za plastiki zilizookotwa, wenyewe wanaahidi kulitengeneza bure likichanika. Moyo ukadunda. Nikajaza anwani, ikaniambia mahali hapo hapajulikani. Mpanda! Nikacheka, halafu nikakasirika kweli kweli.

Madukani nako nilikwenda na mama. Muuzaji anatuonyesha magurudumu yanavyoteleza kwenye vigae vya duka lake, mama anamuuliza kama atatupa na hivyo vigae twende navyo. Mama ana kipimo chake. Begi analinyanyua, analiweka kichwani, anatembea nalo mpaka mlangoni na kurudi. Lisipotulia kichwani, halifai. Wateja walikuwa wanatazama, mimi natazama chini. Na zipu hataki kuiona tena.

Ndipo nikafika kwa fundi Selemani, mtaa wa Majengo. Anashona viti vya bodaboda na mabegi ya maturubai ya malori yaliyochoka. Kazi yake safi, mikono ya begi anaweka mikanda ya usalama ya magari mabovu, hata uvute na ng'ombe haikatiki. Lakini mwenyewe akaniambia turubai za siku hizi ni plastiki tu, zinabanduka ngozi. Kitu chenyewe ni zile za pamba za zamani, za mahema. Akasema hizo hazipatikani tena.

Mwenzenu nikajua zinapopatikana. Chini ya kitanda cha mama.

Sisi asili yetu ni Burundi. Babu alikimbia mauaji na watoto wake, mama akiwa binti mdogo, wakapokewa makazi ya wakimbizi ya Katumba, wakapewa hema. Miaka mingi baadaye tukapata uraia, nyumba ya tofali, shamba, kila kitu. Hema likaoza upande upande, likabaki kipande kikubwa kama mkeka wa kuanikia mihogo. Mama alipohamia kwangu mjini alikuja nacho. Kila kiangazi anakianika juani, anakigeuza, anakikunja na majani ya mwarobaini. Tangu tuko wadogo tulikuwa tunamcheka. Tulikuwa tunamuuliza, mama, hema la nini na mabati haya yote?

Hakuwahi kutujibu, na sisi hatukuuliza kwa kutaka jibu.

Juzi mama alikwenda Magamba kushinda na mdogo wake, mama mdogo Ferediana. Mimi nikainama chini ya kitanda. Nilijiambia namwandalia zawadi. Kitu cha baba yake kimekaa bure, sasa kitasafiri naye. Hakuna kilichonunuliwa kipya, hakuna kilichotupwa, yaani nilikuwa naandika tayari kichwani posti ya klabu ya mazingira. Nikapeleka Majengo, fundi Selemani akalishika lile hema kwa vidole viwili, akalinusa, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia kata.

Jana jioni nimelileta. Begi zuri, niseme kweli. Rangi ya majani makavu, linafungwa kwa mikanda miwili kama ya suruali, hakuna zipu, bahasha ya picha inaingia bila kukunjwa. Fundi aliponikabidhi alisema hili nitawaachia wajukuu. Alisema kwa kujisifu tu, lakini neno lilinichoma, maana nilimfikiria mama papo hapo. Begi la kukaa miaka yote hiyo, na mimi naomba tufike tu dripu ya nne, ya tano.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akalisogeza puani. Akaingia chumbani, nikasikia anavuta vitu chini ya kitanda. Alipotoka hakunitazama, akapita moja kwa moja kwenda kufungia kuku. Chakula akasema ameshiba.

Nikajipa moyo kuwa itapita. Mama yangu huwa ananuna, asubuhi anasahau.

Leo baada ya ibada akakaa kwenye kiti, mikono magotini, akaniita jina langu lote.

"Umekata nyumba yangu," akasema. "Jumatano siendi."

Nikaanza kujieleza haraka haraka, unajua tena mtu mwenye kosa, kwamba nyumba si hii tuliyomo, kwamba daktari alisema, kwamba tiketi. Akanyanyua kiganja nikanyamaza. Akaniuliza kama pale hospitali sikuona ndugu za wagonjwa wamelala nje kwenye sakafu. Nikasema niliwaona. Akaniuliza wakimpa kitanda yeye, mimi mvua ikininyeshea usiku atanifunika na nini.

Tulifikia kwa binamu, tulilala kitandani, na yeye muda wote huo alikuwa anapiga hesabu ya mvua.

Nikampigia mama mdogo Ferediana. Mama huwa anamsikia yeye kuliko sisi wote. Nilitaka aniambie jinsi ya kumbembeleza. Yeye akaniuliza kama kweli sijui. Ndipo akanisimulia. Walipokuwa wanakimbia walilala porini bila kitu, masika kama haya. Walikuwa na kaka yao mdogo, ameanza kutembea. Alinyeshewa, akashikwa na baridi, hawakufika naye. Mama mdogo mwenyewe alizaliwa baadaye, Katumba, ndani ya hema hilo hilo; haya alisimuliwa na babu. Siku walipopewa hema babu alisema mbele ya watoto wake kwamba mtu wake hatanyeshewa tena. Na alipokaribia kufa, mwenye kuachiwa hilo hema alikuwa mama, kwa sababu yule mtoto alikuwa anabebwa na mama.

Alikuwa mgongoni kwa mama yangu. Mama, binti mdogo tu.

Jamani, miaka yote hii tulikuwa tunamcheka.

Nilikaa jikoni nikalia na kanga mdomoni ili asinisikie. Halafu hofu ikarudi kwa nguvu zake zote. Nikawaza asipokwenda Jumatano, dripu ikirukwa, ugonjwa ukiinuka, itakuwa mimi niliyemuua kwa mkasi wa fundi na kiherehere changu cha mazingira. Nikavaa koti la mvua nikatafuta bodaboda, nikaenda Majengo.

Njiani nilikuwa na mpango wa kijinga kabisa wa kumwomba fundi Selemani alifumue begi alishone upya liwe hema. Nilimkuta anakula na mke wake dukani kwa sababu ya mvua. Wakanikaribisha, sikuweza kumeza. Nikamweleza. Akanawa mikono, akaenda nyuma, akarudi na furushi limefungwa kwenye nailoni. Kumbe begi lilikula nusu tu. Nusu nyingine alikuwa ameipinda pembeni na kuishona ili isichanike, na alikuwa anasubiri nipite niichukue. Mimi kwa haraka yangu ya jana sikuuliza hata kilichobaki.

"Kitambaa cha namna hii hakitupwi, dada," alisema. "Kina mwenyewe."

Nimerudi nimelowa mpaka ndani. Mama alikuwa bado kwenye kiti kile kile. Nikaweka furushi miguuni kwake nikapiga magoti. Nikasema tu kwamba mama mdogo ameniambia. Kwamba sikujua, na nilipaswa kuuliza.

Hakusema amenisamehe. Mama yangu si mtu wa kusema hayo. Alifungua nailoni akalitandika lile hema sebuleni, akasogeza meza kwa nyonga. Akapapasa pindo jipya lote kwa kidole. Halafu akalala chali juu yake, na gauni lake la kanisani, akapigapiga sakafu ubavuni kwake. Nikalala na maji yangu yote. Akavuta upande mmoja akatufunika mpaka kidevuni, tukawa tunatazama dari, mvua inapiga bati.

"Wawili tunaenea," akasema.

Tulikaa hivyo. Alikuwa na joto, na kichwa chake kisicho na nywele kilikuwa kimenigusa sikio. Nilitamani kumuuliza jina la yule mtoto, nikaogopa. Nitamuuliza, lakini sio leo.

Alipoinuka akachukua begi. Akakunja kanga akatengeneza ngata, akaliweka kichwani, akatembea nalo toka kwenye televisheni hadi mlangoni na kurudi, mikono ikining'inia. Lilitulia. Akalishusha akaanza kupanga mzigo, na cha kwanza kuingia chini kabisa kilikuwa lile hema, limekunjwa vizuri na majani mapya ya mwarobaini. Juu yake bahasha, dawa, kanga, sidiria yake. Nikamwambia kwa upole kuwa uwanja wa ndege wanapima mizigo, na hema ni zito. Akatoa viatu vyangu vya kubadilisha na sweta langu akavirudisha chumbani kwangu. Mzigo umepungua, akasema.

Kisha akajaribu ile mikanda, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Akaniuliza fundi amesema litakaa muda gani. Nilisita, maana lile neno bado lilikuwa linanichoma. Lakini nikamwambia kama nilivyoambiwa, kwamba ni la kuwaachia wajukuu.

"Wajukuu watashona la kwao," akasema. "Hili tutalichosha mimi na wewe."

Sasa hivi yuko jikoni anachambua maharage na begi liko mlangoni, tayari, wakati safari yenyewe ni Jumatano. Hofu haijaisha, nisiwadanganye. Bado kuna mvua, kuna ndege kuahirishwa, kuna majibu ya damu kabla ya dripu. Kesho nikitoka shule napita kwa jirani anayenunua mahindi niombe mzani wake nilipime begi. Likizidi natoa kompyuta, natoa na taulo langu. Hema halitoki.